Spika ya ukutani haiji na kasha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu iliyolinganisha spika ndefu za kusimama sakafuni na zile za kuzamishwa ukutani ilifunga hoja kwa ushauri mwepesi: apendaye muziki anunue za kusimama, apendaye sebule nadhifu azamishe. Kama sauti nzuri na sebule nadhifu haviwezi kukaa nyumba moja, basi studio kubwa za kurekodi zimekuwa zikikosea, maana nyingi huzamisha spika zao kuu ndani ya ukuta wa mbele. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya urembo.

Kilichosahauliwa ni kwamba anayenunua spika ya kusimama amenunua pia kasha lake. Kiwandani wameshapima ujazo wa hewa ndani yake, wamekaza mbao, wameweka pamba na kukata tundu la hewa kwa urefu unaotakiwa. Spika nyingi za ukutani huja zikiwa uso mtupu: wufa (koni ya besi), twita (kikoni cha sauti za juu), krosova (sakiti inayowagawia hao wawili kazi) na fremu ya plastiki. Kasha ni ukuta wako. Kwa hiyo anayeuliza ipi ni bora aanze kwa kuugonga ukuta kwa kidole na kusikiliza.

Nianze na faida halisi ya kuzamisha, ambayo makala haikuigusa. Sauti ya besi haiendi mbele tu. Hulizunguka kasha na kusambaa pande zote. Inayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi, ikachanganyika na inayotoka mbele. Pale ambapo safari ya kwenda ukutani na kurudi ni sawa na nusu ya wimbi, mawimbi hayo mawili hufutana. Hesabu yake haina ugumu: chukua 343, yaani kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20, ugawe kwa mara nne ya umbali kutoka uso wa spika hadi ukuta ulio nyuma yake. Uso ukiwa sentimita 50 kutoka ukutani, shimo, yaani mahali besi inapofutika, hutokea karibu na Hz 171 (mitetemo 171 kwa sekunde). Kwa sentimita 70 ni Hz 122, na kwa mita moja ni Hz 86. Hapo ndipo lilipo gitaa la besi, ndipo ulipo uzito wa ngoma na sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume. Kuongeza kitufe cha besi hakulizibi shimo hilo, kwa sababu kila unachoongeza mbele, wimbi linalorudi nalo huongezeka kwa kiasi kile kile.

Wengi hudhani dawa ni kuisukuma spika hadi ikaribie kugusa ukuta. Kasha lenye kina cha sentimita 30, likiachiwa sentimita 5 za kupumua, uso wake bado uko sentimita 35 kutoka ukutani. Shimo limehamia Hz 245, makali yake yamepungua kidogo, na sasa besi ya chini imevimba. Ukitaka kulishusha shimo chini ya Hz 80, mahali ambapo sabufa, yaani spika ya besi ya chini pekee, huwa imeshachukua kazi, uso wa spika unatakiwa kuwa zaidi ya mita 1.07 kutoka ukutani. Ni sebule chache zinazoweza kutoa nafasi hiyo bila watu kupita nyuma ya spika. Spika iliyozama haina pengo la nyuma, kwa hiyo shimo la namna hii halipo kabisa. Tena, kwa kuwa besi yote inasukumwa upande wa mbele tu, nguvu yake inaweza kupanda hadi desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kuliko ya spika iliyo mbali na kuta zote. Ongezeko kama hilo ukilidai kutoka kwa amplifaya, utahitaji wati mara nne.

Hata hivyo, asiyasahau haya anayezamisha: ukuta ulio nyuma ya msikilizaji nao hufuta sauti kwa kanuni ile ile. Kiti kikiwa mita moja kutoka ukuta huo, shimo la Hz 86 litakuwepo kwa spika za aina yoyote. Mngurumo wa chumba chenyewe pia hauondoki. Chumba chenye urefu wa mita 5 huitikia karibu na Hz 34, na upana wa mita 4 huitikia karibu na Hz 43. Kusogeza kiti nusu mita mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko kubadilisha spika.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Ukuta wa fremu huwa na nguzo za mbao au za chuma kila sentimita 40 au 60, kina cha sentimita 9 hivi, kisha hufunikwa kwa bodi za jipsamu zenye unene wa milimita 12.5. Nafasi kati ya nguzo mbili yenye upana wazi wa sentimita 35, kina cha 9 na urefu wa 240 ina ujazo wa lita 75 hivi. Kwenye karatasi ni kasha kubwa kuliko la spika nyingi za kusimama. Kwa vitendo ni kasha baya. Bodi ni nyepesi na imeshikwa kwa skrubu zilizoachana, hivyo wufa ikipiga, bodi nayo hupiga kama ngozi ya ngoma na kuendelea kuvuma baada ya noti kuisha. Watu husema "besi imejaa". Kinachosikika ni ukuta. Hewa iliyo kwenye nafasi hiyo ndefu nayo huvuma kwa masafa yake, karibu na Hz 71 kwa urefu wa sentimita 240. Na kwa kuwa mgongo wa spika uko wazi, chumba cha upande wa pili hupata muziki wakati hakikuuomba.

Kosa linaloumiza zaidi ni la spika ya kushoto na ya kulia kupata ujazo tofauti. Nafasi moja ina ubao wa kukingama katikati, nyingine haina. Moja inapata lita 75, mwenzake lita 37. Besi za pande mbili hazitalingana tena, na mwenye nyumba ataizungushia risiva, yaani amplifaya yake, vitufe vyote bila kupata jibu, kwa sababu tatizo limefunikwa na rangi. Kabla ya kukata, pitisha waya mgumu kwenye tundu dogo uzipime nafasi zote mbili, juu na chini.

Tiba ni kasha la nyuma. Ama ununue spika iliyokwisha kufungiwa kasha lake, ama fundi atengeneze kasha la bodi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 12 au zaidi, kwa ujazo uliotajwa na mtengenezaji wa spika, lizibwe kila ungio kwa silikoni na kujazwa pamba bila kushindiliwa. Ujazo huo usikisiwe. Kasha dogo kupita kiasi huipandisha spika masafa yake ya kuitikia, ukapata uvimbe maeneo ya Hz 100 na chini yake kukawa kukavu. Likiwa kubwa mno, koni hukosa wa kuizuia, ikatembea hadi ikagonga mwisho wake sauti ikipandishwa. Kasha lisipowezekana, weka vizuizi vya mbao juu na chini ya spika kwa vipimo sawa pande zote mbili, jaza pamba ya mawe inayotumika kukinga kelele, kisha ongeza tabaka la pili la bodi kwa gundi na skrubu kila sentimita 15 kuzunguka spika. Si sawa na kasha, lakini mvumo unapungua.

Ukuta wa tofali au zege ni habari nyingine. Kwa sauti ndio bora kabisa, kwa kuwa hautetemi. Kwa msumeno ndio mbaya. Ukuta unaobeba paa au ghorofa usichongwe bila kauli ya mhandisi, na ukuta wa unene wa sentimita 15 uliochimbwa shimo la sentimita 10 unabakiza sentimita 5 nyuma, ambazo ni dhaifu na zinapitisha sauti. Kama nyumba bado inajengwa, fundi aache kidaka kilichozidi vipimo vya kasha la spika kwa sentimita 2 kila upande, na bomba la waya lifikishwe humo. Nyumba ikiwa imekwisha, njia safi ni kuinua ukuta wa pili mbele ya ule wa zamani: fremu ya mbao za sentimita 5 kwa 10 kila sentimita 40, bodi ya MDF ya milimita 18, juu yake jipsamu. Utapoteza kama sentimita 13 za chumba. Ukuta wa aina hii ukijengwa vizuri huupita ule wa fremu uliokuwepo, kwa kuwa makasha, vizuizi na nyaya vyote umevipanga mwenyewe.

Kuna kuta za kuachwa kabisa. Ukuta unaotenganisha nyumba mbili zilizoungana umewekwa pia kuzuia moto usivuke, na tundu la spika linauharibu ulinzi huo. Ukuta wa nje huweza kuwa na unyevu na mara nyingi una tabaka la kuukinga, ambalo tundu hulikata.

Katika kukata, kosa la kawaida ni haraka. Pima kina cha spika na ukilinganishe na kina cha ukuta, ubakize angalau sentimita moja ya ziada. Usikate juu au chini ya soketi na swichi, kwani nyaya za umeme kwa kawaida hupanda na kushuka hapo. Chora kwa kiolezo kilichokuja na spika, tumia pima maji, toboa tundu la kwanza katikati na uchungulie kabla ya kutia msumeno. Vile vibanio vinavyoishika spika nyuma ya bodi vikazwe kwa bisibisi ya mkono. Drili huvivunja au huimumunya jipsamu, na spika iliyoshikwa na jipsamu iliyomumunyika itaanza kutetema baada ya miezi michache. Ukipaka rangi wavu unaofunika uso wa spika, toa kwanza kitambaa cha ndani, pulizia tabaka jembamba mara mbili. Brashi huziba vitundu na twita hufifia.

Waya ndio sehemu isiyorudiwa baada ya lipu. Shaba ya milimita 2.5 za mraba, kwa umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.14 hivi. Ya milimita 1.5 za mraba ina omu 0.23. Kanuni ya mafundi ni ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika: omu 0.4 kwa spika ya omu 8, omu 0.2 kwa spika ya omu 4. Kwa hiyo ile ya 1.5 inatosha kwa omu 8 na haitoshi kwa omu 4. Zaidi ya hapo, kununua waya mnene wa bei ya kutisha ni mapambo ya ndani ya ukuta. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba: ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi kwa unene ule ule, nao hukatika ukikunjwa mara nyingi. Kwangua ncha, ukiona weupe ndani, si shaba.

Waya wa spika usipite bomba moja na waya wa umeme wa nyumba. Vikienda sambamba, acha sentimita 30; vikikutana, vikatizane kwa pembe mraba. Tumia kebo iliyoruhusiwa kulazwa ndani ya kuta, na acha sentimita 50 za ziada kila mwisho. Kabla ya lipu au bodi kufunika, unganisha spika na upime kwa multimita kutoka upande wa amplifaya. Spika ya omu 8 husoma kama omu 6, ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Ikisoma karibu na sifuri, kuna msumari umepita kwenye kebo. Isiposoma chochote, waya umekatika. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni inatakiwa kutoka nje. Ikiingia ndani, nyaya zimepishana. Spika moja ikiwa imepishwa na nyingine haikupishwa, besi hutoweka na mwimbaji hukosa mahali pa kusimama. Watu wamewahi kurudisha spika nzima dukani kwa kosa hili la dakika moja.

Yapo mambo ambayo spika ya kusimama inafanya na ya ukutani haiwezi, na kubwa kati ya hayo ni kugeuka. Kwa mpangilio unaokubalika, uliomo hata katika pendekezo la ITU-R BS.775 la shirika la kimataifa la mawasiliano, spika za kushoto na kulia hukaa nyuzi 30 kila upande wa mstari wa mbele wa msikilizaji. Spika ya kusimama unaizungusha ikutazame. Iliyozama inatazama ukuta wa mbele yake daima, hivyo wewe uko nyuzi 30 pembeni mwa mstari wake, na twita nyingi hupoteza sauti za juu huko pembeni. Anayenunua ya ukutani asiangalie mchoro wa sauti (grafu ya nguvu ya sauti toka besi hadi za juu) uliopimwa moja kwa moja mbele. Aombe ule wa nyuzi 30. Mteremko uwe laini, bila bonde katikati mahali ambapo wufa inaikabidhi kazi twita. Twita inayoinama nyuzi 15 husaidia nusu ya safari. Nusu nyingine unaweza kuipata kwa kuzisogeza spika zikaribiane: ukikaa mita 3 kutoka ukutani na spika zikiachana mita 2.4 badala ya zaidi, pembe inashuka hadi nyuzi 22.

Urefu nao hukosewa. Twita iwe usawa wa sikio la aliyeketi, karibu sentimita 95 hadi 105 kutoka sakafuni. Mafundi wa ujenzi hupenda kuzipandisha ili zilingane na kingo za juu za milango, na matokeo yake waimbaji huimba kutoka darini. Jambo jingine ni kwamba spika ya kusimama ukikosea, unaisogeza. Tundu lililokatwa sentimita 40 pabaya litabaki pabaya. Kwa hiyo hata aliyekwisha kuamua kuzamisha, aazime spika yoyote ndogo, aiegemeze ukutani kwa urefu uliokusudiwa, asikilize siku kadhaa kabla msumeno haujaguswa.

Kwa upande wake, spika ya kusimama hushindwa kwa sababu chache na zote zinajulikana. Yenye tundu la hewa nyuma ikibanwa ukutani hunguruma. Iachiwe angalau sentimita 20, au izibwe tundu kwa sifongo yake. Juu ya zulia, miguu yenye ncha hupenya hadi sakafu ngumu na kuituliza spika. Juu ya vigae ncha hizo hukwaruza na kuteleza, kwa hiyo tumia vikalio vya chuma au miguu ya mpira. Kasha refu la kilo 20 lenye kitako chembamba penye mtoto anayejifunza kusimama lifungwe ukutani kwa mkanda. Na lisiingizwe ndani ya kabati la ukutani kwa kutafuta unadhifu, kwani krosova yake imepangwa kufidia besi inayopotea kwa kuzunguka kasha. Ndani ya kabati besi hiyo haipotei, fidia inabaki, na kila mwimbaji ataonekana ana mafua.

Sabufa hubadilisha hesabu yote. Ukiweka sabufa nzuri na kugawa kazi kwenye Hz 80, zile noti za chini ulizolipia katika spika kubwa ya kusimama hazitumiki tena. Umezilipia mara mbili. Hapo ya ukutani yenye wufa ya sentimita 16.5 na kasha lake hutosha bila aibu, na spika ndogo za juu ya stendi nazo hutosha, ingawa makala yenu haikuzitaja kabisa.

Kwa maoni yangu basi: mpangaji anunue za kusimama, au ndogo za stendi, maana hatahama na ukuta. Anayesikiliza muziki kwa spika mbili tu, bila sabufa, na ana nafasi ya kuzivuta mita moja mbele, achukue za kusimama. Mwenye chumba chembamba, runinga ukutani na watoto wadogo, ambaye ukuta wake ni imara au yuko tayari kujenga wa pili, azamishe, lakini zenye kasha. Mwenye ukuta wa jipsamu mtupu asiyetaka kuongeza kasha wala tabaka la pili asizamishe. Atanunua spika na kusikiliza bodi.

Aliyezamisha apige picha za ukuta ukiwa wazi pamoja na tepu ya kupimia, aandike vipimo vya tundu, kina, jina kamili la spika na njia ya kila kebo, na karatasi hiyo aibandike ndani ya kabati la amplifaya. Wufa ikifa baada ya miaka 10 huenda toleo hilo halitengenezwi tena, na atakayetafuta mbadala atahitaji kujua upana wa tundu kwa milimita kabla ya kuing'oa ile ya zamani.

Fundi wa mifumo ya sauti